Kuzuru na Kutalii: Simulizi ya Amboni, Kimya cha Tongoni

Lugha yetu ina vitenzi viwili kwa mtu aendaye kutazama mahali pa kutisha. Akienda kutalii, hurudi na picha. Akienda kuzuru, kama tuzurupo makaburi, huenda akarudi na ibra. Wageni wameipa safari ya aina ya kwanza jina la utalii wa giza, na wataalamu wao wameiandikia vitabu tangu miaka ya 1990. Mwandishi wa makala haya alivuka bahari kwa shughuli za kifamilia, akafikia Chumbageni, Tanga, na katika siku mbili za nafasi akaenda Amboni na Tongoni. Habari za njiani nitaziacha. Nilichokikuta Amboni ni utungo, na utungo hustahiki kuhakikiwa.

Mapango ya Amboni yako kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji, upande wa Kiomoni, ndani ya mawe ya chokaa. Mgeni haingii peke yake, huongozwa na msimulizi mwenye tochi. Wetu alikuwa fundi. Alianza na Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 na ambao husimuliwa kuwa walijificha humo. Kisha akatupa kisa ambacho kila mtoto wa Tanga anakijua: Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, wao wasionekane tena, mbwa akaibukia mbali; wengine husema Mombasa, wengine chini ya Kilimanjaro. Hapo akazima tochi, akanyamaza. Huo ndio ulikuwa upeo wa utungo wote, na haukuwa na neno hata moja.

Wapo watakaosema kuwa kisa hicho ni uongo. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta kuwa pango refu kuliko yote ni la kiasi cha mita 900 tu, ilhali Mombasa iko zaidi ya kilomita 100. Mimi sikuudhika, ngano haipimwi kwa futi kamba. Tazama ilivyosukwa: waliokuwa na ulimi wamepotea, na aliyerudi kutoka gizani ni yule asiyeweza kusimulia alichokiona. Mshairi wa mafumbo angeona fahari kuibuni.

Kasoro ilikuja tochi ilipowashwa. Hili tembo, hili kochi, hii ile sanamu ya Marekani yenye mwenge. Tashbihi ikafuata tashbihi hata jiwe likakosa pa kupumulia, na hofu iliyojengwa kwa ustadi ikavunjwa kwa kicheko. Tukafika penye mzimu, ambapo watu hadi leo huja kuomba, na wengi wao, tuliambiwa, ni wanawake watakao mtoto. Palikuwa na vitambaa, chupa za marashi na sarafu. Msimulizi akapaeleza kwa sauti ile ile aliyolielezea kochi. Mwenzetu mmoja akapiga picha kwa taa kali. Si lazima mtu akubaliane na matambiko, na wengi wetu hatukubaliani nayo, lakini haja ya mtu iliyowekwa chini kwa mikono yake mwenyewe si umbo la jiwe. Kisanii, hapa ndipo utungo ulipoanguka: msimulizi hakuweza kubadili mahadhi alipotoka kwenye mchezo na kuingia kwenye machungu.

Kesho yake nilikwenda Tongoni, kusini ya mji, njia ya Pangani. Hapo ndipo palipokuwa na mji ambao Wareno waliuandika kwa jina la Mtangata. Umebaki msikiti uliobomoka na makaburi takriban 40, baadhi yake ya nguzo, na nyingi ya nguzo hizo zimekatika. Penye nguzo na kuta palipachikwa vibakuli vya Kichina. Leo mengi ni matundu ya mviringo, yaliyo wazi kama macho yaliyong'olewa. (Nimesema nisitumie tashbihi, nimeshindwa.) Hapana aliyezima tochi, na nilishikwa na baridi jua likiwa kichwani.

Sisi wa pwani tuna kipimo cha jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, akatunga Al-Inkishafi. Msimulizi wa Amboni huwatisha wenzake. Sayyid Abdalla aliusemeza moyo wake mwenyewe. Pate imepata utenzi wake, Tongoni ina kibao cha maelezo. Katika mkoa alikozaliwa Shaaban Robert hilo ni deni, na vijana wa Tanga watungao leo wangeweza kuanza na tundu moja tu la kibakuli.

Jioni, barazani Chumbageni, mzee mmoja aliniuliza nimeyaonaje mapango. Nikamtajia zile mita 900. Akatikisa kichwa.

"Na yule mbwa je, mwanangu, alipita wapi?"

Nikaomba kahawa nyingine.