Amana ya Mgeni: Kadi ya Nauli Kutoka Kibamba Hadi Magogoni

Mgeni aingiaye Dar es Salaam kwa basi la kutoka Chalinze huipita Kibamba dirishani, akayaona mapaa ya mtaa wa mwenyeji wake yakirudi nyuma, akachukuliwa mpaka kituo kikuu cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021, ndipo ashuke na mizigo yake na kutafuta daladala la kumrudisha alikopita. Huko Kibamba ndiko nilikofikia mimi, nyumbani kwa mpwa wangu, na kwa juma zima nilikwenda Kigamboni na kurudi nikiwa na shauku ya kutazama jambo moja tu: namna msafiri anavyolipa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeishika kadi yangu tayari mkononi, mpwa wangu akaniona.

"Mjomba, kadi hiyo iweke kwanza, ni ya pantoni. Kwa konda toa hela mkononi."

Maneno yake yalikuwa ramani kamili ya safari. Kutoka Kibamba mpaka Kimara nalimlipa konda kwa sarafu. Kutoka Kimara mpaka Kivukoni nalinunua tiketi ya basi la mwendokasi dirishani. Na nilipovuka barabara kuingia kivuko cha Magogoni, ndipo kadi yangu, N-Card, ilipopata kazi, ikagusishwa kwenye mashine ya getini na kukatwa shilingi 200. Mji mmoja, asubuhi moja, na malipo ya namna tatu zisizojuana.

Katika hizo tatu, ya mwendokasi ndiyo yenye mafunzo mengi kwa mwenye kupenda kuchunguza. Huduma hiyo ilipoanza Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya njia ya mlisho 400, na ya njia zote mbili kwa pamoja 800. Itazame hiyo 650. Abiria aliyetoa noti ya 1,000 alistahili kurudishiwa 350, na kwa sarafu tulizo nazo hakuna njia ya kuikamilisha kwa chini ya sarafu tatu: ya 200, ya 100 na ya 50. Sasa mfikirie karani wa dirishani, mbele yake watu wenye haraka ya kuwahi kazini, kila mmoja akimdai sarafu tatu. Ikiwa kila mmoja atachukua sekunde kumi tu, watu 140, ambao ni shehena ya basi moja refu la mita 18, watamaliza dakika zaidi ya ishirini na tatu katika dirisha moja. Na vituo vile vilijengwa makusudi ili basi lisipoteze wakati: sakafu ya kituo imelingana na sakafu ya gari, milango ni mingi, na nauli hulipwa kabla ya kupanda. Kwa hiyo wakati uliookolewa mlangoni mwa basi unaweza kupotelea dirishani, kwa ajili ya sarafu ya shilingi 50. Hapo ndipo ionekanapo faida ya kadi iliyo dhahiri kuliko zote, kwani humwezesha mtu kulipa nauli kamili pasipo yeyote kutafuta chenji.

Kadi yenyewe ni chombo cha ajabu kwa udogo wake. Haina betri. Ndani ya plastiki mna chipu na uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa mara kadhaa, na mashine ya getini hutoa mawimbi ya megahezi 13.56 yanayoamsha umeme katika uzi ule mara tu kadi inapokaribia. Kwa umeme huo wa kuazima chipu hujitambulisha, hesabu hufanywa, na mlango hufunguka. Ndiyo sababu mtu aipitishaye kwa mbali, au aivutaye upesi mno, hukataliwa, ilhali bibi aliyetulia, kapu kichwani, akailaza kadi yake juu ya mashine kwa utaratibu, hupita mara ya kwanza.

Lakini kwa nini konda wa Kibamba haitaki? Wapo wanaodhani ni ukaidi, na dhana hiyo si ya haki. Fedha ya daladala hailali. Kabla ya adhuhuri imekwisha nunua mafuta, imeziba pancha, imemlipa deiwaka aliyeshika usukani wakati dereva akila. Na jioni, ipatikane isipatikane, hesabu ya tajiri mwenye gari lazima itimie. Kadi huipeleka nauli moja kwa moja benki, na benki haizibi pancha. Nairobi waliionja shida hii: kadi ya BebaPay, iliyoletwa mwaka 2013 na Google pamoja na Equity Bank, ilifungwa Machi 2015, ingawa serikali ya Kenya ilikuwa imekusudia katika mwaka 2014 kuziondoa fedha taslimu katika matatu. Huko kulikuwa na mkasa wa pili, kwamba nauli yenyewe hubadilika kwa saa na kwa mvua, na mashine haijui kupatana bei. Kwetu nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hivyo kizingiti hicho cha pili ni chepesi. Kilichobaki ni kumpatia konda fedha yake siku ileile, na naamini jambo hili lingetatuliwa mapema kama wanaopanga mifumo wangekaa na makonda kabla ya kukaa na wauza mashine.

Liko pia suala la mgeni, ambalo aghalabu husahauliwa. Kadi ya kulipia kabla ni amana: mwenyeji huiweka fedha yake akijua ataitumia kesho na kesho kutwa, bali mgeni wa siku saba huacha salio ndani na kuondoka nalo. Dubai wamelizingatia hili. Kadi yao ya kawaida ya usafiri, iitwayo nol, hununuliwa kwa dirhamu 25, na ndani yake zimo 19 za kusafiria. Mpita njia ana tiketi nyekundu ya karatasi kwa dirhamu 2, akaipakia safari zake na kuitupa. London nako, tangu Desemba 2012, mtu huweza kupanda basi kwa kadi ya benki yake mwenyewe. Kwa hiyo tiketi ya karatasi ya Kimara, ambayo wengine huiona dalili ya kuchelewa, mimi naihesabu kuwa haki ya mgeni, nami ningesikitika ifutwe siku kadi itakapoenea.

Siku ya kuondoka kadi yangu ilikuwa na shilingi 600. Nilimwachia mpwa wangu. Ana rafiki Kigamboni, na ni nauli ya kuvuka mara tatu.