Sifa ya Sharti Lenye Hadhari

Watu husifu ustadi unaoonekana kwa macho: jahazi lililoundwa likaelea, mlango uliochongwa nakshi, kofia iliyodariziwa, lakini ustadi wa mtu anayejifunza sarufi ya lugha ngeni, akakaa na kanuni moja siku hata siku mpaka imkae ulimini, aghalabu haupati msifu, kwa kuwa kazi yake haina umbo wala haiuziki sokoni. Mimi nauona kuwa ustadi wa heshima kubwa, na hoja yangu naisimamisha juu ya kanuni moja ndogo ya Kijapani, ambayo wanafunzi huikuta wakiwa wamekwisha kwenda mbali, karibu na N1, daraja ya juu kabisa ya mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo. Kanuni yenyewe ni sharti la kuonya: hutaja tendo, kisha hutaja balaa litakalolifuata.

Kijapani hakina njia moja ya kuweka sharti. Kina “to” kwa mambo yanayofuatana kama desturi ya maumbile, kina “ba”, kina “tara” kwa jambo ambalo lazima likamilike kwanza, na kina “nara”, ambayo huchukua habari iliyokwisha tajwa na kujenga juu yake. Onyo tunalolizungumzia hukaa juu ya “nara”. Kitenzi hutiwa katika umbo la nia, lile ambalo mtu hulitumia anapoazimia jambo au anapomwalika mwenzake walitende pamoja: “iku”, kwenda, huwa “ikō”, “iu”, kusema, huwa “iō”, “suru”, kutenda, huwa “shiyō”. Kisha hufuata “mono”, yaani kitu au jambo, na mwishoni “nara”. “Chikoku demo shiyō mono nara”, husema mfanyakazi akimweleza mgeni habari za msimamizi mkali, na maana yake ni kwamba mtu akithubutu hata kuchelewa tu, basi ajue litakalompata. Kile kijineno “demo” hulipunguza kosa ili adhabu ionekane kubwa zaidi. Jawabu la sharti hili halina budi kuwa zito: haliwezi kuwa heri, wala amri, wala ombi, wala mwaliko, na mara nyingi huishia katika neno “taihen”, ambalo hubeba taabu, ghasia na maafa pamoja. Hutumika pia kwa yaliyopita, kama mzee anaposimulia utoto wake na jinsi alivyofokewa kila alipothubutu kumjibu baba yake.

Lililonishika zaidi katika kanuni hii ni ndugu yake. Liondoe umbo la nia, weka mahali pake umbo la uwezo, useme “ikeru mono nara ikitai”, na onyo lote hutoweka. Umesema kwamba lau ingewezekana kwenda, unatamani kwenda, ilhali wajua kwamba haiwezekani. Maneno “mono nara” ni yale yale. Kitenzi peke yake ndicho kilichogeuka, na pamoja nacho imegeuka hali ya moyo: asiye na uwezo anatamani, mwenye nia anaonywa. Wajuzi wa historia ya lugha watanikumbusha kwamba umbo hilo la nia lilitokana na kiambishi cha kale “mu”, kilichobeba azma na dhana kwa pamoja, na kwamba Mjapani anayelitamka onyo hili leo hafikirii azma ya mtu yeyote. Nalikubali hilo bila kinyongo. Lakini mwanafunzi mgeni, ambaye kwake kila kipande cha neno kingali kipya, hawezi kukwepa kuliona: balaa limewekwa mlangoni pa nia, kabla mkono haujanyoshwa. Anayezaliwa ndani ya lugha huirithi nyumba yake pamoja na mazoea ya kutoitazama, na ni fadhila ya ugeni kuyaona yale ambayo mwenyeji ameacha kuyaona.

Kazi hii ina wazee wake. Mreno João Rodrigues, padri wa Kijesuiti, alipiga chapa Nagasaki, kati ya mwaka 1604 na 1608, kitabu kikubwa cha sarufi ya Kijapani, naye alikuwa ameifika nchi hiyo angali kijana na kujifunzia lugha hapo hapo. Huku kwetu pwani, vijana waliokaa mikekani wakisoma nahau ya Kiarabu walifundishwa kuupa kila upande wa sentensi ya namna hii jina lake, sharti na jawabu, na kutafuta jawabu hata pale msemaji alipolificha. Mazoezi hayo yangewafaa sana katika Kijapani, kwani Mjapani naye akifika kwenye “mono nara” huweza kunyamaza, akamwachia msikiaji alitaje balaa mwenyewe.

Hadithi za Japani zimejaa masharti kama haya. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwanamke wa theluji, aliyoiandika Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyefika Japani mwaka 1890 akatwaa huko uraia na jina la Koizumi Yakumo, katika kitabu chake Kwaidan cha mwaka 1904. Mkata kuni kijana, Minokichi, analala na bwana wake mzee katika kibanda cha mvushaji usiku wa tufani. Mwanamke mweupe anaingia, anampulizia mzee pumzi yake, na mzee anakufa kwa baridi. Kijana anaachwa hai kwa kuhurumiwa ujana wake, lakini kwa sharti: akithubutu kumwambia mtu yeyote, hata mamaye mzazi, atauawa. Miaka inapita, anaoa msichana mzuri, wanajaliwa watoto kumi, na usiku mmoja, akimtazama mkewe anavyoshona penye mwanga wa taa, anamsimulia. Mke ndiye yule yule. Jawabu la sharti lilikuwa mauti, nalo sasa limewadia. Lakini mwanamke anawatazama watoto waliolala, anaizuia hukumu, na mahali pa onyo la kwanza anaweka la pili, kwamba watoto hao wakipata sababu ya kumlalamikia baba yao, atalipwa kama astahilivyo. Nimeifikiri hadithi hii mara nyingi wakati wa kusoma sarufi, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vitabu vya mazoezi havina nafasi ya kulisema: mwenye kuonya anaweza kuwa ndiye asiyetaka kabisa jawabu lake litimie.

Ndiyo maana namsifu mwalimu anayempa mwanafunzi nusu ya kwanza ya sentensi na kumwachia ya pili aijaze kwa hofu zake mwenyewe, kuliko mtihani unaomtaka achague jibu moja kati ya manne. Akijaza hivyo kwa muda, macho yake hufunguka hata kwa mambo aliyokwisha kuyapita. Mwaka wa kwanza alikaririshwa “ikanakereba naranai”, akaambiwa maana yake ni lazima niende, ilhali vipande vyake vyasema: nisipokwenda, haitakuwa, na “tabete wa ikenai”, usile, kwa vipande vyake ni: ukila, haiendeki. Wajibu na katazo katika Kijapani aghalabu hujengwa kwa sharti lenye jawabu baya, na Mswahili asemaye “sharti niende” hana haja ya kulistaajabia hilo kwa muda mrefu. Mwanafunzi hulifungua tena daftari lake la mwaka wa kwanza, akakuta kwamba karibu kila ukurasa alikuwa anaonywa.