Sindano Iliyotangulia Picha

Uamuzi wa daktari ulikuwa mbovu, na sitazungusha maneno. Mzee wetu mmoja wa Ziwani, Nairobi, aliyemaliza mionzi ya saratani ya tezi dume, alirudi kliniki na PSA, kipimo cha damu cha tezi hiyo, ya 2.9. Baada ya mionzi ilikuwa imeshuka hadi 0.4. Kujua kama saratani imerudi baada ya mionzi hutumika kanuni ya Phoenix: chukua kiwango cha chini kabisa cha PSA, ongeza 2. Mpaka wake ulikuwa 2.4, naye alikuwa ameuvuka. Mionzi ilipangwa vizuri, na karatasi ya PSA ilisomwa sawasawa. Kisha daktari akaandika sindano ya homoni, ikadungwa asubuhi ileile.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. PSA inapopanda hivyo inakuambia saratani imerudi. Haikuambii imerudi wapi. Ikiwa imefika mifupani, homoni ni sahihi. Ikiwa imebaki ndani ya tezi, mgonjwa bado ana nafasi ya kutibiwa mahali pale pale. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni picha za MRI na PET-CT, na biopsi, yaani kuchukua kipande cha tishu, inayolenga doa lenyewe la saratani. Usiniambie vifaa havipo: PET-CT iko Nairobi, Aga Khan na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sindano ikitangulia, PSA inaporomoka, tezi inasinyaa, na doa linafifia kwenye picha. Familia inashangilia namba ndogo kumbe swali lenyewe limefukiwa. Homoni inailaza saratani tu, na mzee analipa kwa joto la ghafla, mifupa dhaifu na nguvu za kiume kupotea.

Nafasi iliyowekwa rehani ni HIFU, ultrasaundi inayokusanywa mahali pamoja. Kifaa huingizwa kupitia njia ya haja kubwa, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi au kulazwa usingizi. Mawimbi hukutana kwenye eneo dogo kama punje ya mchele, joto likapita nyuzi 60, na seli zikafa kwa sekunde chache. Ukuta wa utumbo hupozwa kwa maji muda wote. Baada ya mionzi tishu huwa na makovu, kwa hiyo hatari ya mkojo kuvuja au mrija kuziba ni ya kweli. Ndiyo sababu hulengwa doa, si tezi nzima.

Ushahidi upo. Utafiti wa FORECAST wa Uingereza, uliochapishwa 2022, ulifuatilia wanaume 93 waliochomwa au kugandishwa doa tu baada ya mionzi kushindwa. Miaka miwili baadaye, saratani ilikuwa haijaendelea kwa takribani asilimia 66. Wote walipigwa picha na kufanyiwa biopsi kwanza.

Kutafuta kwanza ugonjwa uko wapi si jambo jipya, ila tumewasahau waliotutangulia. Mwaka 1961 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alitoka Kampala kwa gari, akazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa takribani kilomita 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali mahali uvimbe wa taya za watoto ulipoonekana. Hakuwa na MRI. Alikuwa na subira ya kuchora ramani. Leo tuna mashine za mamilioni na hatuwezi kusubiri picha kwa wiki mbili!

Wazee wa Ziwani, Kariokor na Majengo: hifadhini karatasi zote za PSA, hasa ile yenye namba ya chini kabisa. Ikipanda, kabla ya kukubali sindano ulizeni: saratani iko wapi, na picha iko wapi? Aliyekwishadungwa asiache dawa kwa hasira. Arudi na kudai maelezo. Daktari asiyeweza kujibu swali hilo hajafikia hatua ya kuandika homoni.