Fimbo ya Kikidauni: Faradhi au Sunna?

Yako Marekani magari ambayo hayakutoka kiwandani kwa sura yanayoonekana nayo leo: bodi ni ya Ford ya miaka ya 1930, injini ni V8 iliyong'olewa katika gari la miaka thelathini baadaye, giaboksi ya otomatiki imetoka kwa kampuni nyingine kabisa, na kabureta imenunuliwa peke yake dukani, na mwenyewe, akiisha kuvifunga vyote hivyo kwa mikono yake usiku baada ya usiku, aghalabu hujikuta amebakiwa sakafuni na kipande kimoja cha chuma chembamba, fimbo ambayo zamani iliunga kabureta na ubavu wa giaboksi, na ambayo sasa haina pa kushika kwa sababu kabureta mpya haikuumbiwa kuipokea. Hapo ndipo huuliza kama fimbo hiyo ya kikidauni ina lazima, au gari litakwenda bila yake.

Gari litakwenda, na huko kwenda kwake ndiko kunakowaponza watu.

Jina lenyewe ndilo asili ya hadaa. Kikidauni ni ile hali ya dereva kukanyaga eksleta mpaka chini ili giaboksi irudi gia ya pili kutoka ya tatu, gari lipate kufyatuka na kulipita lori lililo mbele. Basi mtu akisikia kwamba kazi ya fimbo ni hiyo tu, hujisemea kwamba yeye hashindani na mtu barabarani, na kwamba akitaka gia ya pili anao mkono wa kuivuta. Hoja hiyo ingekuwa sahihi lau giaboksi zote zingekuwa za ukoo mmoja. Lakini hazikuwa hivyo, na kwa hiyo mtu asianze kwa kuuliza habari za fimbo, bali aulize kwanza ni kitu gani kinachoiarifu giaboksi hiyo kiasi cha kazi inayofanywa na injini.

Giaboksi za zama hizo hazina kompyuta. Akili yao ni mafuta yanayosukumwa na pampu kupitia vijia na valvu. Habari mbili ndizo zinazozitawala. Ya kwanza hutoka kwa gavana, anayezunguka pamoja na shafti ya kutokea, na kadiri gari linavyozidi mwendo ndivyo shinikizo lake linavyozidi, nalo huamrisha gia ipande. Ya pili hutoka upande wa eksleta, nayo hupinga na kusema kwamba dereva bado anataka nguvu, hivyo gia isubiri. Mashinikizo hayo mawili huisukuma valvu moja kutoka ncha zake mbili, na lililo na nguvu ndilo lishindalo. Fauka ya hayo, katika giaboksi nyingi habari hiyo ya pili hufika pia kwenye valvu inayorekebisha pampu, ikaitaka izibane sahani za klachi kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa injini. Hili la pili halionekani wala halisikiki kwa dereva, nalo ndilo kubwa.

Tazama TorqueFlite 727 ya Chrysler, iliyotoka mwaka 1962 na ambayo watengenezaji wa magari ya kasi wameipenda tangu hapo kwa uimara wake. Ubavuni mwake upo wenzo mdogo unaovutwa na fimbo ya kabureta. Funga geji kwenye tundu la kupimia shinikizo kuu, tia gia ya kwanza magurudumu yakiwa juu, iache injini izunguke mara 1000 kwa dakika, kisha usiguse eksleta kabisa ila usogeze wenzo ule kwa kidole tu: ukiwa mbele, geji itasoma ratili 54 hadi 60 kwa inchi mraba, urudishe nyuma polepole, na sindano itapanda nao mpaka 90 hadi 96. Injini haikubadili mwendo wala pampu haikuongeza mzunguko. Wenzo peke yake ndio ulioongeza nguvu ya kubana kwa zaidi ya nusu. Mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hawezi tena kuiita fimbo ile ya kikidauni, kwani kushusha gia ni kazi yake ya mwisho kabisa, pale inapofika ukingoni mwa safari yake.

Basi aliyeiacha sakafuni ameiambia giaboksi, kila saa na kila mlima, kwamba injini haifanyi kazi. Gia ya tatu itaingia mapema, gari likiwa bado halijachangamka, na itaingia kwa ulaini wa ajabu, na mwenyewe atausifu ulaini huo kwa rafiki zake, ilhali ulaini huo ni sahani zinazoteleza kwa kukosa kubanwa. Nimewahi kuishika mkononi sahani ya klachi iliyotoka katika giaboksi iliyoendeshwa hivyo: bitana yake, ambayo ikiwa mpya hukwaruza kidole kama karatasi nene, ilikuwa nyeusi na laini, ukucha ukipita ikibanduka magamba, sahani ya chuma iliyokuwa jirani yake ilikuwa na mabaka ya buluu ya kuungua, na mafuta, ambayo hapo mwanzo ni mekundu kama maji ya rosela, yalikuwa ya rangi ya kahawa na yananuka moto. Kilichokosekana ni fimbo moja ya urefu wa mkono.

Sasa igeukie Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors, ya mwaka 1969, nawe utaona hukumu inabadilika. Hii nayo ina kebo inayotoka kwenye kabureta, lakini habari ya mzigo wa injini haikuwekwa humo. Imekabidhiwa moduleta, kikopo kidogo kilicho nyuma ya giaboksi na kuunganishwa kwa paipu nyembamba na manifoldi ya injini. Injini ikielemewa, vakyumu ya manifoldi hupungua, moduleta huhisi, na shinikizo hupanda. Kebo haina zaidi ya kulazimisha gia ishuke na kuchelewesha kupanda kwake eksleta inapokuwa imekanyagwa yote. Kwa giaboksi hiyo kebo ni sunna, na aiachaye hatendi dhambi, maadamu ataliziba tundu lake vizuri, maana humo mafuta yatavuja. Lakini paipu ya moduleta ni faradhi, na hapa wenye kupenda kamshafti kali sharti wawe na hadhari: kamshafti ya namna hiyo huiharibu vakyumu injini inapopumzika, na moduleta ikadanganyika kwamba gari linapanda mlima, gia zikaingia kwa kishindo na kwa kuchelewa. Ndugu yake mkubwa, Turbo-Hydramatic 400 ya mwaka 1964, hana hata kebo. Swichi karibu na eksleta hupeleka umeme kwa solenoidi iliyo ndani. Nazo C4 na C6 za Ford zina fimbo pamoja na moduleta, na hukumu yake ni kama ya 350.

Iliyowatia hasara wengi kuliko zote ni 700R4, iliyotoka mwaka 1982 na kupendwa kwa gia yake ya nne ya kupunguza mizunguko ya injini safarini. Wengi waliihamia kutoka 350, wakaiona kebo ile ile kwa macho, wakadhani kazi ni ile ile. Siyo. Moduleta haimo; kebo ndiyo yenye kupeleka habari yote ya shinikizo, na kuwepo kwake tu hakutoshi, bali sharti ivutwe kwa kipimo. Mkono wa kabureta ya dukani ukiwa mfupi au mrefu kuliko ule wa asili, kebo hufika mwisho vilevile lakini katikati ya safari huvutwa kidogo mno, na hapo katikati ndipo mtu anapoendesha siku zote. Klachi ya gia ya tatu na ya nne huungua katika muda mfupi, na fundi akalaumiwa kwa kosa la kipande cha bati chenye tundu mahali pasipo pake. Ndiyo maana huuzwa vishikizo maalumu vya kuirekebisha pembe hiyo, nami sioni fedha inayotumika kwa haki zaidi katika gari zima. Mafundi wa kwetu wanaoifunga A440F ya Land Cruiser nyuma ya injini isiyo yake wamo katika kadhia hiyo hiyo, kwa kuwa nayo hutegemea kebo ya eksleta kwa shinikizo lake.

Ipo njia halali ya kuepukana na fimbo ya 727, nayo ni kulibadilisha sanduku la valvu kwa lile la kubadilishia gia kwa mkono peke yake, ambalo aghalabu huundwa kwa shinikizo la juu la kudumu. Lakini hilo ni la mashindano, na wa mjini atachoka nalo. Wengine huufunga wenzo nyuma kwa waya. Sahani zitasalimika, ila gia zitachelewa na kugonga hata mtu akienda sokoni.

Mwenye kutaka kuiunga fimbo kama inavyostahiki na azime injini, amweke mwenzake kwenye kiti na yeye aingie chini. Mwenzake akanyage eksleta mpaka kabureta ifunguke yote: wenzo uwe umefika kikomo chake cha nyuma wakati huo huo, usitangulie ukaizuia kabureta, wala usibaki na safari. Kisha aachie, na springi iurudishe mbele mpaka mwisho bila kusukumwa. Wajaribu mara kumi, kwani ya kwanza fimbo hupita, na ya saba hukwama kwenye paipu ya ekzosi.