Kitabu cha Fundi Mbele ya Mwalimu

Kabatini kwangu, kati ya vitabu vya ualimu, kipo kitabu kimoja cha matengenezo ya Toyota Corolla za miaka ya 1990. Wako watakaosema kitabu cha namna hiyo hakistahili kuhakikiwa. Mimi naona kinastahili kuliko riwaya nyingi. Riwaya mbaya humchosha msomaji tu. Maelekezo mabaya humwacha njia panda na gari lililozimika, lori likimpigia honi nyuma.

Nachukua sura moja, ile ya valvu ya hewa ya sailensa. Injini ya petroli huhitaji hewa hata dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Wakati huo kipepeo cha throto kimefunga, na hewa hupita pembeni, katika kijia ambacho valvu hii hukipanua au kukifinya kwa amri ya kompyuta ya gari. Masizi yakijaa humo, au valvu ikikwama, sailensa hupanda na kushuka, au gari huzimika kila linaposimama.

Kwanza sifa. Mwandishi anaijua kazi yake. Anatutaka tusubiri injini ipoe, kwa kuwa katika injini hizi maji ya rejeta hupita pia ndani ya valvu. Tuchomoe waya hasi wa betri. Tuzibe mipira ya maji. Sentensi zake ni fupi, na kila hatua ina namba yake. Waandishi wa vitabu vya kiada wangeweza kujifunza hapo.

Hata hivyo, anashika bisibisi kabla ya kuuliza swali. Dalili hizohizo huweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka au throto chafu. Anayemfuata neno kwa neno atanunua valvu kwa bei kubwa, na ugonjwa utabaki palepale. Chuoni tulikuwa tukiwaambia wanachuo: kabla ya kusahihisha, tafuta mtoto amepotea wapi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Baada ya kueleza kufungua kwa kirefu, mwandishi anamaliza kwa maneno machache kwamba kufunga ni kufungua kwa kinyume. Si kweli. Kuchanganua sentensi si sawa na kuitunga. Anayefunga anatakiwa kukwangua gasketi ya zamani bila kuchubua aluminiamu, aweke mpya, aanze kila skrubu kwa vidole kabla ya bisibisi, kisha akaze kwa kupokezana, pembe kwa pembe. Aongeze maji na kutoa hewa iliyonaswa, maana injini iliyopungukiwa maji huchemka, na silinda hedi huweza kupinda. Hapo hasara si ya valvu tena, ni ya injini.

Nadhani sababu ni msomaji aliyekusudiwa. John Haynes alipotoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake Uingereza mwaka 1966, kikihusu Austin-Healey Sprite, alimlenga mwenye gari anayetaka kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Vingi vilivyofuata, kutoka kwa wachapishaji mbalimbali, vimeshika njia hiyohiyo. Kwetu msomaji ni kijana wa gereji chini ya mwembe. Kufungua amekwisha kujifunza kwa kuwatazama wakubwa wake. Anachohitaji kitabuni ni kile macho yasichokiona, yaani sababu. Naye anakipata, kama anakipata, kwa Kiingereza alichokiacha darasa la saba.

Nakipa kitabu hiki alama za kufaulu, si za juu. Ningependa kuona kingine kwa Kiswahili, kinachoanza na namna ya kutafuta ugonjwa, na ambacho sura yake ya kufunga ni ndefu kama ile ya kufungua. Fundi mmoja mzoefu na mwalimu mmoja mstaafu wangetosha kukiandika.