Viti vya Kusokotwa: Uzuri wa Namna Gani?

Fundi wa mbao akileta kanisani kiti kipya cha padri, na miguu yake imesokotwa kama kamba, watu wengi wanasema palepale: "Kiti hiki ni kizuri." Neno hilo tusiliache lipite bila kulipima. Vyombo vya nyumba ya Mungu vinapimwa kwa akili pia, si kwa macho tu. Tuulize basi: mbao za kusokotwa zilitoka wapi? Zinafanya kazi gani? Tena, zinafaa kwa makanisa yetu ya Kolwezi na ya Lualaba nzima?

Kwanza, tutazame asili yake. Kule Roma, katika kanisa la kale la Mtakatifu Petro lililojengwa wakati wa Kaisari Konstantino, zilikuwako nguzo za marimari zilizosokotwa, zenye kuchongwa mizabibu. Watu wa kale walidhani zimetoka katika hekalu la Solomono. Ndiyo sababu hata leo nguzo za namna hiyo zinaitwa kwa jina lake. Bernini alifuata mfano huo alipofanya kazi yake juu ya altare ya Papa, toka mwaka 1624 hata 1633. Kifuniko kile kikubwa kina nguzo nne za kusokotwa, na urefu wake wote ni karibu mita 29. Nguzo hizo ni za shaba iliyochanganywa na bati.

Katika karne ile ile ya 17 namna hiyo iliingia katika nyumba za matajiri: vitanda vya Wareno, meza na makabati ya Waflama, viti vya Waingereza. Katika karne ya 19 Wabeleji waliipenda tena, na mafundi wa mji wa Mechelen walitengeneza makabati mazito ya mwaloni yenye nguzo kama zile. Hivi ndivyo mfano uliosimama kando ya altare ulivyoshuka mpaka kwenye mguu wa kabati la sahani.

Pili, tutazame kazi ya fundi. Mashini ya kuzungusha mti, ambayo watu wa pwani wanaiita kerezo, inafanya mti kuwa mviringo. Lakini kerezo ya kawaida haisokoti. Fundi anaviringisha ukanda wa karatasi juu ya mti, anafuata ukingo wake kwa kalamu, anakata mfereji kwa msumeno, halafu anaulainisha kwa patasi na tupa, kwa mkono, polepole. Kazi hiyo inadai saburi kubwa, na fundi anayeiweza tumpe heshima yake.

Lakini mti si shaba. Shaba inayeyushwa na kumiminwa, nayo inakubali sura yoyote. Mti una nyuzi zake toka mizizi hata matawi, na mfereji wa kusokotwa unazikata nyuzi hizo. Kwa hiyo mguu wa kusokotwa ni dhaifu kuliko mguu ulionyoka wenye unene ule ule. Pale juu ya mlango wa kabati hakuna hasara, maana nguzo ile haibebi kitu. Chini ya mtu mzima hasara iko. Tena mwajua vumbi letu la wakati wa kiangazi: linajaa katika kila mfereji. Waulizeni wamama wanaosafisha kanisa siku ya Posho.

Je, kusokota ni jambo geni kwetu? Hapana. Wayeke wa Bunkeya, katika ufalme wa Msiri, walijua kuvuta uzi wa shaba na kuuviringisha kufanya bangili. Waluba waliviringisha shaba juu ya fimbo za wakubwa. Pale uzi unaushika mti na kuufunga, na pamoja na hayo unaonyesha heshima ya mwenye fimbo. Msokoto huo umezaliwa na kazi ya uzi wenyewe. Haukuigwa toka kitu kingine.

Lakini mfano wenye kutufundisha zaidi ni viti vya Wachokwe. Wazee wao walikuwa na viti vya kuchongwa katika kipande kimoja cha mti. Walipoona viti vya Wareno waliofika toka pwani ya Angola, walichukua mambo yaliyowafaa: egemeo la mgongo, vipande vya kuunganisha miguu, ngozi ya kukalia, misumari yenye kichwa cha kung'aa. Hawakuishia kuiga. Juu ya vile vipande vya kuunganisha miguu walichonga watu: wanawake wanaotwanga, wawindaji, wachukuzi wa safari, wachezaji wenye vinyago vya mukanda. Katika egemeo waliweka mara nyingi uso wa kinyago. Mkubwa aliyekaa juu ya kiti kile alikuwa na watu wake chini yake, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa: ni wao wanaombeba.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mchokwe alipokea kiti cha mgeni, akakipa neno la kusema. Mguu wa kusokotwa unaoigwa leo hausemi neno lolote, isipokuwa hili: "Mimi ni wa gharama."

Mtu atanijibu: "Kiti cha Mchokwe ni kiti cha ufalme, na vinyago vya mukanda si vya altare." Ni kweli, na jibu hilo lina nguvu. Maagizo ya Misale ya Roma yanataka kiti cha padri kisifanane na kiti cha mfalme. Lakini agizo hilo linamgusa hata yule mwenye kupenda misokoto na urembo wa matajiri wa Ulaya. Mimi sisemi tuige sura ya kiti cha Mchokwe. Nasema tufuate njia yake: kupokea, kuchagua, kisha kusema jambo letu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya liturjia ya mwaka 1963, ulifungua mlango kwa sanaa ya mataifa yote, na ulitaka tutafute uzuri wa kweli kuliko fahari.

Neno moja tena juu ya vyombo vya zamani. Parokia ikiwa na kabati la kusokotwa lililoachwa na wamisionari, ilitunze. Ni shahidi wa historia yetu. Ikiwa na kiti cha kale cha Wachokwe, isikiuze kwa mchuuzi anayepita na pesa mkononi. Sheria ya Kanisa, kanuni 1292, hairuhusu kuuza vitu vyenye thamani ya sanaa au ya historia pasipo ruhusa ya Roma.

Waseminari, siku moja kamati ya parokia itawaita kuchagua kiti. Msianze kwa kuuliza bei. Mwulizeni fundi: "Mguu huu utabeba? Utasafishika? Na mapambo haya yanawaambia nini watu wetu?" Akiweza kujibu yote matatu, mpeni kazi, hata kama atasokota.