Kivuli cha Kijiwe

Kabla ya yote mama mpimaji wa ultrasound aliishika chupa ya jeli viganjani mpaka ikapata uvuguvugu. Kisha akasema, "Shikamoo mama, nitakupaka kidogo hapa ubavuni." Shangazi akaitikia, akalala. Mimi niliyemsindikiza nilisimama pembeni, chumba kikiwa na giza, nikitazama mikono ya yule mama mpimaji: wa kulia umeshika kipimio, wa kushoto unatembea juu ya vitelezo vinane vidogo chini ya skrini, bila yeye kuvitazama.

Sauti ikizama mwilini huchoka. Mwangwi wa karibu hurudi na nguvu, wa mbali hurudi umefifia, na vitelezo vile ndivyo vinavyoupandisha kina kwa kina. Mashine huchukulia kuwa sauti hukimbia mita 1,540 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi kwa kila sentimita huchukua sehemu 13 hivi za milioni ya sekunde. Vidole vyake vilikuwa vikipanga foleni ya miangwi hiyo.

Wiki moja nyuma, mahali pengine penye mashine mpya zaidi, tulikuwa tumeambiwa mfuko wa nyongo hauna kitu. Picha yao ilikuwa laini, inapendeza. Ya huyu mama nayo ilianza laini vilevile, na nyongo ikaonekana safi. Akanyamaza. Akazima kitufe cha kulainisha picha, na ghafla ini likajaa chembechembe, kama unga usiochekechwa. Ndani ya mfuko wa nyongo pakatokea doa jeupe dogo, na nyuma ya doa kivuli cheusi kilichonyooka hadi chini. "Mama, geukia ubavu wa kushoto. Vuta pumzi, ishike." Doa likabingirika, kivuli kikalifuata. Kijiwe.

Chembechembe zile huzaliwa na miangwi midogo inayokutana, mingine ikisaidiana, mingine ikiuana. Mafundi wa mawimbi wamepambana nazo kwa akili nyingi, na ninawaheshimu: hutuma sauti kutoka pembe kadhaa, kisha huzichanganya picha, chembe zikapungua na kingo za uvimbe zikaonekana vizuri. Lakini sauti inayopita kwa mshazari hufika hata nyuma ya kijiwe, na kivuli kinachotuambia kuwa kijiwe kipo hupauka. Yule mama alilijua hilo. Kinachoniuma ni kitufe hicho cha kulainisha kuachwa kimewashwa kwa kila mgonjwa, asubuhi hadi jioni, kwa sababu picha inapendeza na foleni ni ndefu.

Mwanzoni hapakuwa na kitufe cha namna hiyo. Ian Donald, daktari wa Glasgow, mwaka 1955 alipeleka vivimbe vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa wake kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke huko Renfrew, akavipima kwa chombo cha kutafutia nyufa za chuma. Hakukuwa na picha, ila mistari inayopanda na kushuka, na ilimbidi aisome. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake walichapisha picha zao katika jarida la Lancet. Waliona kidogo, wakakitazama kwa muda mrefu.

Yule mama amestaafu. Mwezi uliopita nilipita tena chumbani mle na mgonjwa mwingine. Mashine ni ileile. Vitelezo vyote vinane vilikuwa vimepangwa katikati, safu moja iliyonyooka, na vumbi limetanda juu yake.